Jiwe la Mizani Lilipobembea Barazani

Baba yangu hakuamini kitu ambacho hakijapita kwenye mizani yake. Chumvi aliipima, kahawa aliipima, ngozi za ng'ombe alizipima, na akishamaliza huzinyanyua tena kwa mkono kuona kama mizani nayo haimdanganyi. Alikuja Karagwe kutoka pwani akiwa kijana na mizigo ya nguo, akaoa hapahapa, akajenga duka Omurushaka wakati Omurushaka ilikuwa njia panda na nyumba za kuhesabika. Kinyambo, lugha ya huku, alikisema kama aliyezaliwa nacho, isipokuwa akikasirika. Akikasirika ulimi wake ulirudi pwani mbio, na sisi tukajua leo tule mapema tulale.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye Mwalimu alimwendea kuposa binti. Na binti mwenyewe ndiye mimi.

Mwalimu aliletwa kwetu miaka michache kabla ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, na Waingereza. Alikuwa amesoma pwani, kwenye shule ya Wadachi, akatumwa bara kufundisha. Kwa kuwa hapakuwa na jengo la shule, Baba alimpa banda la kuwekea ngozi, nyuma ya duka. Lile banda lilinuka, we! Ngozi zilihamishwa lakini harufu ilikataa kuhama. Wanafunzi walitoka hata Kihanga, wengine wakubwa kumpita yeye mwalimu kwa kimo, wakakaa humo wakipumua kwa mdomo na kuimba hesabu za kuzidisha.

Mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta wa matete nikichambua kahawa. Sijui kama nimewahi kuchambua kahawa vibaya vile maishani mwangu. Mbovu nilitia kwenye nzuri na nzuri nikawatupia kuku, maana masikio yote yalikuwa bandani. Hesabu za kuzidisha nilizijua kabla ya wale waliokaa ndani. Na Mwalimu mwenyewe nilimjua kwa sauti kabla sijamwona sura. Nilipokuja kumwona, alikuwa mwembamba, kanzu yake imejaa chaki mpaka kwenye mfuko, na akikosea ubaoni anacheka yeye kwanza, kabla ya wanafunzi. Mwanamume anayejicheka! Nilikuwa sijamwona wa namna hiyo, na nilitaka kumwona tena kesho yake, na keshokutwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wenzangu walikuwa wakija kunisalimia na watoto migongoni, na majirani walishaanza kuninong'ona. Si kwamba sikuposwa. Niliposwa mara mbili, na hapo ndipo taabu yote ilipoanzia. Kwa desturi yetu sisi Waislamu, baba humuuliza mwari kama anaridhia, na mwari akinyamaza, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Mchumba wa kwanza, Baba aliniuliza, nikanyamaza. Akafurahi, akaanza kutafuta mbuzi. Mimi nikakataa chakula na kulia mpaka yule bwana akarudishwa kwao kwa maneno matamu. Wa pili hivyohivyo. Nilinyamaza, mbuzi akatafutwa, nikalia, mbuzi akarudishwa malishoni. Nafikiri hata yule mbuzi alikuwa amekwisha kunizoea.

Kwa hiyo wazee waliotumwa na Mwalimu walipokuja na posa, Baba aliingia ndani akasimama mbele yangu na mikono nyuma.

"Mwalimu anakutaka. Unasemaje?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kuisema kwa sauti ya kuangusha paa. Lakini aibu ilinishinda, nikajifunika uso kwa kanga yangu, nikanyamaza. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki siku nyingi, kwa hiyo hapakuwa na wa kunisemea ila Bibi, mama yake mama, na Bibi alikuwa amelala.

Baba akaniangalia akashusha pumzi. "Mwanangu, kunyamaza kwako sina jiwe la kukupimia," akasema. Akatoka nje, na mimi nikabaki nimekunja ngumi ndani ya kanga, najichukia mwenyewe.

Kule barazani nilimsikia akimwita Mwalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Tafuna kahawa." Nikasikia kibakuli cha buni kikisogezwa. "Jana nimekusikia ukiwaambia watoto wa watu kwamba ardhi inavuta."

"Inavuta, mzee."

"Na kwamba mvuto huo una kipimo chake."

"Unacho. Kitu kikianguka, kila sekunde kinaongeza mwendo, na nyongeza hiyo ni ileile siku zote. Mita tisa na sehemu nane za kumi. Tisa na nane."

"Umeipima?"

Mwalimu akakohoa. "Tuliipima mara moja, shuleni pwani."

"Na hapa?"

"Hapa bado."

"Basi ipime hapa, mbele yangu, na hao wanafunzi wako, kwa jiwe langu mimi. Mtu wa pwani namjua, maana mimi mwenyewe ni mmoja. Maneno tunayo, tele kama senene wa msimu. Ukiipata hiyo tisa na nane yako nitajua neno lako lina uzito, na habari ya binti tutaizungumza. Usipoipata, tutabaki kusalimiana njiani. Njia ya mwongo ni fupi."

Mimi nyuma ya pazia nilikaribia kuzimia. Maisha yangu yametundikwa kwenye tisa na nane! Ikitoka tisa na saba je? Ikitoka kumi je?

Habari zilienea. Wasafiri waliovuka mto kule Murongo walifika kwetu wakisema wamesikia kuna mtu Omurushaka atakayeifunga ardhi kamba aivute. Siku yenyewe ilipofika baraza letu lilijaa asubuhi mapema. Wanafunzi wote walikuja wamejipaka mafuta, majirani wakaja na vigoda vyao, na jamaa mmoja alikuja na kibuyu cha rubisi, Baba akamfukuza yeye na pombe yake mpaka chini ya migomba ya jirani, akakaa huko akichungulia.

Mimi sikuruhusiwa kukaa barazani mbele ya mposaji. Nilikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, mahali ambapo pazia lina tundu. Bibi alikuwa amejilaza kwenye mkeka kando yangu. Bibi alisilimu uzeeni, na tangu asilimu kitu alichokipenda kuliko vyote ni tasbihi yake, ambayo Baba alimletea kutoka pwani. Punje zake zilikuwa za mti mgumu, nene kama buni, na ukizivuta zinagonga tak, tak, tak. Tulikuwa tukijua Bibi yuko wapi ndani ya nyumba kwa kuzisikia hizo punje.

Mwalimu akasimama mbele ya ubao akawaeleza watu. Kitu kinachoanguka, alisema, kinakwenda mbio mno kuliko jicho, huwezi kukipima. Kwa hiyo tunakifunga uzi. Kinataka kuanguka, uzi unakikatalia, kwa hiyo kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, kinahangaika. Ukijua urefu wa uzi, na ukijua kila mwendo wa kwenda na kurudi umechukua muda gani, unaupata mvuto wa ardhi. Lakini mwendo mmoja ni mfupi, saa haiwezi kuusema sawasawa. Kwa hiyo tunahesabu miendo mia moja, tunautazama muda wote, tunaugawa kwa mia.

Kutaka kuanguka na kuzuiliwa na uzi. Nilimwelewa vizuri sana.

Wanafunzi walikuja na kamba yao ya mgomba, wameilowesha maji kama tunavyofanya sote huku ili isikatike wakati wa kufunga. Wakaifunga kwenye boriti, wakatundika jiwe la mizani la Baba, wakapima urefu: mita moja kamili. Mwalimu akageuka kuandika ubaoni. Alipogeuka tena, kamba mbichi ilikuwa imevutika kwa uzito, jiwe limeshuka linakaribia sakafu, na kuku mmoja analidonoa.

Loo, kicheko kilichopigwa! Mwalimu naye akacheka, akajipangusa uso kwa mkono wenye chaki akawa mweupe nusu. Nilimpenda zaidi.

"Ardhi yako kweli inavuta," Baba akasema, akaingia dukani akatoka na uzi wa kushonea magunia. Huo haukuvutika. Wakaufunga kwenye msumari wa boriti, wakapima upya kutoka hapo hadi katikati ya jiwe: mita moja. Baba akachukua mwenyewe saa ya mfukoni ya Mwalimu yenye kimshale kidogo cha sekunde, akaisogeza karibu na jicho. Hakutaka mtu mwingine aishike.

Jiwe likavutwa kando kidogo, likaachiwa. Wanafunzi wakaanza kuhesabu kwa pamoja, kwa nguvu kama wanaimba. Mpaka ishirini walikwenda vizuri. Baada ya hapo wale wa nyuma wakaingia Kinyambo bila kujua, wale wa mbele wakaendelea na Kiswahili, wa katikati wakasikiliza huku na huku wakanyamaza. Mwishoni wengine walikuwa sitini na wengine sabini, na kila upande unaapa.

"Mwalimu," Baba akasema, "ardhi hii ina mivuto miwili?"

Wakaanza upya. Safari hii Mwalimu alikataza kupiga kelele, wahesabu moyoni, na mimi ndani sikuweza tena kuvumilia. Nilipenyeza mkono chini ya mto wa Bibi nikaitoa tasbihi. Jiwe lilipoachiwa nikavuta punje ya kwanza. Linakwenda, linarudi, tak. Linakwenda, linarudi, tak. Macho kwenye tundu la pazia, moyo unanidunda kuliko punje.

Hapo ndipo alipotokea bibi kizee mmoja mwenye kutaka chumvi.

Sasa wewe msomaji, kama hujakaa kwetu, huwezi kujua balaa hilo. Mzee akiingia mahali akakuamkia na wewe usijibu, umemtukana yeye na mama yako aliyekuzaa. Na salamu zetu si neno moja. Yule bibi aliwasalimu wanafunzi mmoja mmoja: umelalaje, nyumbani wamelalaje, mama yako mguu umepona, ng'ombe wamelalaje, ndizi zimezaa, na yule shangazi yako wa Kihanga? Nao wakajibu, mmoja mmoja, kwa heshima, mpaka shangazi wa mwisho. Mwalimu akachuchumaa akajibu. Hata Baba, jicho kwenye saa, mdomo ulikuwa ukisema ndiyo mama, wazima mama, tunashukuru mama.

Na jiwe linakwenda na kurudi. Hakuna anayehesabu! Hakuna hata mmoja! Jamani, nilitaka kulia na nilitaka kucheka, vyote kwa pamoja, vidole vinavuta punje tu, tak, tak, tak, punje zinapungua, zinapungua, hii hapa ya mwisho.

"Mia!"

Ilinitoka. Sikuipangia. Iliruka yenyewe mdomoni ikapita pazia ikatua barazani katikati ya watu.

"Nani kafa?" Bibi akaamka.

"Dakika tatu na sekunde kumi na tisa!" Baba naye akapaza sauti, maana nilimshtua akasoma saa papo hapo.

Kila mtu aligeukia pazia. Mwalimu alitazama pale kwenye tundu hasa, na naapa aliniona jicho. Nilijirusha nyuma nikamwangukia Bibi, Bibi akasema, "Astaghfirullah, mtoto huyu!"

"Sauti imetoka nyumbani kwangu," Baba akasema taratibu. "Nyumba yangu haisemi uongo. Piga hesabu."

Chaki ikaanza kulia ubaoni. Nilirudi kwenye tundu. Niliona mgongo wa Mwalimu, niliona mkono wake ukienda haraka, kisha polepole, kisha ukasimama. Akafuta. Akaandika tena. Akasimama tena.

Pale barazani hakukuwa na mtu wa kumsahihisha. Angeandika tisa na nane, akaizungushia duara, akageuka akitabasamu, nani angejua? Wanafunzi wangempigia makofi. Mimi mwenyewe moyoni nilimwambia, andika, andika tu, Mungu ni mwenye kusamehe.

Akageuka. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mzee, imetoka karibu kumi," akasema. "Sikuipata."

Akanyoosha mkono kulikamata jiwe lililokuwa bado linabembea, akaanza kufungua fundo. Wanafunzi waliinamisha vichwa. Ee Mola wangu! Kanga nilikuwa nimeiuma kwa meno.

"Acha hilo jiwe," Baba akasema.

Mwalimu akaacha.

"Kule ndani! Umehesabu kwa kitu gani?"

Nikajifunika uso. Aibu ileile.

"Nakuuliza kwa sababu muda wote huu nilikuwa nasikia punje zinagonga nyuma ya pazia, nikadhani mama mkwe anamdhukuru Mungu. Kumbe mama alikuwa anakoroma. Lete hiyo tasbihi."

Bibi ndiye aliyeninyang'anya akaipitisha chini ya pazia. Baba akaipokea akaizungusha kidoleni, na kwa tundu langu nikaona masharubu yake yanaanza kucheza.

"Mwalimu, wewe unaswali?"

"Naswali, mzee."

"Baada ya swala unavuta nini?"

Mwalimu alitazama tasbihi. Nikaona midomo yake inasogea. Subhanallah thelathini na tatu. Alhamdulillah thelathini na tatu. Allahu Akbar thelathini na tatu. Kisha akajipiga paji la uso, chaki ikaruka.

"Tisini na tisa!"

"Tisini na tisa," Baba akasema. "Ya mia haina punje. Ya mia husemwa kwa mdomo. Gawa tena."

Sijui chaki ile iliandikaje bila kuvunjika. Mimi nilikuwa nimekaa chini. Kila siku ya Mungu naivuta tasbihi ile na Bibi, kila siku namaliza punje na kutamka ile ya mwisho kwa ulimi, na siku moja tu ninayoihitaji, naisahau!

"Tisa, nukta, saba, saba!" Mwalimu akapiga kelele kama mtoto. "Ukiikadiria ni tisa na nane, mzee! Na hata huo upungufu, ni kwa sababu hapa kwetu tuko juu, mbali kidogo na kitovu cha dunia, mvuto nao unalegea kidogo, kule pwani—"

"Sasa usianze visingizio, umekwisha kushinda," Baba akasema.

Weee! Baraza lilipasuka. Wanafunzi walirukaruka mpaka ubao ukaanguka. Yule bibi kizee wa chumvi akauliza kuna nini, akaambiwa ardhi imepimwa, akauliza imetoka ratili ngapi. Yule jamaa wa rubisi alikuja mbio kutoka migombani na kibuyu chake, na safari hii hakuna aliyemfukuza. Bibi alipiga vigelegele bila kujua vya nini. Nami nilicheka na kulia, pua inatiririka, kanga imelowa, nikisikia fahari ya ajabu kifuani. Ile namba ilikuwa yangu pia. Nilikuwa nimehesabu wakati wanaume wote wanasalimiana.

Baba akainua mkono. Watu wakatulia kidogo kidogo, hata kuku wakatulia. Nikasikia viatu vyake vinakuja. Vikasimama upande wa pili wa pazia, karibu kabisa, na mkono wake ukapenya pembeni ukiwa umeshika tasbihi.

"Mwanangu," akasema. Hakuisema kwa sauti ya dukani. "Mara mbili nilikuuliza ukanyamaza, nikakosea. Majuzi nimekuuliza ukanyamaza, nikaogopa kukosea tena. Leo umenijibu mara tisini na tisa, nami nimezisikia zote. Imebaki ile ya mia."

Nikaipokea tasbihi. Nje nilisikia uzi wa magunia ukilia kwenye msumari. Bibi alinifinya paja.

"Nimeridhia," nikasema, kwa mdomo, na walioko njia panda walisikia.